Mechi Iliyozimwa Moscow



Tarehe 15 Februari 1985, katika Hoteli Sport mjini Moscow, rais wa Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, aliwakabili waandishi wa habari na kutangaza kwamba mechi ya kuwania ubingwa wa dunia imekwisha. Mshindi hakumtaja, maana hakuwepo. Bingwa mtetezi, Anatoly Karpov, alikuwa ameshinda michezo mitano. Mpinzani wake, Garry Kasparov, mitatu. Na michezo 40 ilikuwa imekwenda sare. Rais huyo, Florencio Campomanes wa Ufilipino, akasema mwezi Septemba wawili hao watakutana upya, na hesabu itaanzia sifuri kwa sifuri.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kwa mkato, kwamba Campomanes alimwokoa Karpov asipigwe, yakaishia hapo. Mimi sikubaliani na mkato huo. Ninavyoliona jambo lenyewe, siku ile walidhulumiwa wachezaji wote wawili. Kila mmoja alinyang'anywa kitu alichokihangaikia kwa miezi mitano, na aliyewanyang'anya hakuwa na mamlaka ya kukigusa. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, lakini sharti tuanze na kanuni, maana kanuni ndiyo iliyozaa balaa lote.

Kwa zaidi ya miaka 20, tangu mwaka 1951 hadi 1972, ubingwa wa dunia wa sataranji, au chesi kama vijana wengi wanavyoiita, uliwaniwa kwa michezo 24. Ukishinda unapata alama moja, mkienda sare kila mtu nusu alama. Mkimaliza 12 kwa 12, bingwa anabaki na taji lake. Mpango huo ulikuwa na mwisho unaojulikana. Mchezaji, mwamuzi na mwenye ukumbi, wote walijua takriban siku ya kufungasha na kurudi nyumbani.

Aliyeupinga ni Bobby Fischer, Mmarekani aliyemvua Boris Spassky taji mjini Reykjavik mwaka 1972. Hoja yake ilikuwa na uzito. Anayetangulia kwa alama mbili tatu, alisema, anaweza kujifungia na kutafuta sare juu ya sare mpaka michezo iishe, naye akaitwa bingwa bila kuthubutu lolote. Fischer akadai mechi iwe ya ushindi 10, sare zisihesabiwe kabisa, michezo isiwe na kikomo, na ikifika ushindi 9 kwa 9 bingwa abaki na taji. FIDE ikakubali ushindi 10 na michezo isiyo na kikomo, lakini ile 9 kwa 9 ikaikataa. Fischer hakurudi tena mezani, na mwezi Aprili 1975 Karpov akatangazwa bingwa pasipo mchezo hata mmoja kuchezwa.

Fischer akaondoka, wazo lake likabaki. FIDE ililipunguza likawa ushindi sita, likatumika kuanzia mwaka 1978. Kwa kweli halikuwa geni. Alekhine na Capablanca walikuwa wamecheza kwa mtindo wa ushindi sita mjini Buenos Aires mwaka 1927, wakafikisha michezo 34, na 25 kati ya hiyo ilikuwa sare. Walioandika kanuni mpya walikuwa na mfano huo mbele yao. Kisha ikaja mechi ya mwaka 1978 kule Baguio, Ufilipino, kati ya Karpov na Viktor Korchnoi, nayo ikawapa onyo la pili. Karpov aliongoza 5 kwa 2, akibakiza ushindi mmoja tu. Korchnoi, aliyekuwa amemzidi umri kwa miaka 20, akashinda michezo mitatu kati ya minne iliyofuata, ikawa 5 kwa 5. Karpov aliponea katika mchezo wa 32, baada ya miezi mitatu. Mwaka 1981 huko Merano, Italia, alimshinda Korchnoi huyohuyo upesi, 6 kwa 2 katika michezo 18, na nadhani wepesi wa mechi hiyo ndio uliowasahaulisha watu yale ya Baguio.

Hivyo ndivyo tulivyofika Moscow, Septemba 1984. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 10 katika Ukumbi wa Nguzo, jengo la fahari karibu na Kremlin, ambamo miili ya Lenin na Stalin iliwahi kulazwa ili wananchi waipe heshima za mwisho. Karpov alikuwa na miaka 33, mzaliwa wa Zlatoust katika eneo la Urals, bingwa kwa zaidi ya miaka tisa, kipenzi cha wakubwa wa Umoja wa Kisovieti. Kasparov alikuwa na miaka 21, kijana wa Baku katika Azerbaijan, aliyewahi kufundishwa na bingwa wa zamani Mikhail Botvinnik. Ili kufika pale alikuwa amewapiga Beliavsky, Korchnoi na Smyslov. Watu walitarajia kijana aingie kwa kishindo.

Kishindo kilimgeukia mwenyewe. Baada ya michezo tisa tu, Karpov alikuwa mbele 4 kwa 0. Kasparov alikuwa akishambulia kama alivyozoea, na Karpov, aliyejua kungoja kuliko mchezaji yeyote wa zama zake, alikuwa akimwacha ajichoshe, kisha anamwadhibu kwa kosa dogo. Magazeti yakaanza kuandika juu ya mpinzani kama mtu aliyekwisha.

Hapo likatokea jambo ambalo mimi naliona ni kubwa kuliko ushindi wowote uliopatikana katika mechi ile. Kasparov aliacha kucheza kama Kasparov. Aliweka silaha zake chini, akaanza kujilinda na kutafuta sare, na kukubali sare hata pale ambapo miezi michache nyuma angeng'ang'ania. Kuanzia mchezo wa 10 hadi wa 26, sare tupu, 17 mfululizo. Waliolipia kiti ukumbini walilalamika, na nawaelewa, kwa sababu baadhi ya michezo hiyo ilikwisha kabla haijaanza kukolea. Lakini hebu mfikirie kijana yule alivyokaa. Akishindwa mara mbili zaidi basi, habari yake imekwisha, na pengine hatapewa nafasi nyingine kwa miaka. Kila sare ilimpa siku moja ya ziada ya kukaa mbele ya bingwa na kumsoma. Kasparov mwenyewe amesema mara nyingi baadaye kwamba alijifunza sataranji ya kiwango cha ubingwa ndani ya mechi ileile, na Karpov ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Na Karpov? Kwa nini hakummaliza? Wengi waliofuatilia wanaamini kwamba alitaka ushindi wa 6 kwa 0. Fischer alikuwa amewapiga Taimanov na Larsen 6 kwa 0 mwaka 1971, na mtu aliyepewa taji la Fischer mezani bila kucheza naye alikuwa na sababu ya kutamani alama kama hizo. Kwa hiyo hakutaka kuhatarisha hata mchezo mmoja. Aliposhinda mchezo wa 27, mwishoni mwa Novemba, ikawa 5 kwa 0. Ushindi mmoja tu ulibaki. Katika mchezo wa 31 alikuwa na nafasi nzuri mno, akiwa mbele kwa askari mmoja, lakini hakuigeuza kuwa ushindi, ikawa sare. Nimeuangalia mchezo ule mara nyingi na kila mara moyo hunidunda, maana ningekuwa mimi mwenye kete zile ningesema taji tayari ni langu.

Tarehe 12 Desemba, mchezo wa 32, Kasparov alishinda. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kabisa dhidi ya Karpov katika maisha yake. Ikawa 5 kwa 1, kisha sare nyingine 14.

Nisimame kidogo hapa kuhusu suala la uchovu, maana ndilo lililokuja kutumiwa kama sababu. Enzi zile mchezo mmoja wa ubingwa ulikuwa wa saa tano. Kila mchezaji alipewa saa mbili na nusu kwa hatua 40. Usipokwisha, uliahirishwa: mmoja wao anaandika hatua yake ya siri, anaitia kwenye bahasha, mwamuzi anaifunga na kuitunza mpaka kesho. Usiku huo hakuna kulala vizuri. Mchezaji na wasaidizi wake wanakesha wakipekua kila njia ambayo mchezo unaweza kuifuata, na asubuhi anarudi mezani na macho mekundu. Fanya hivyo wiki baada ya wiki, kuanzia Septemba mpaka theluji ya Februari, huku nchi nzima ikikutazama. Ilisemwa kwamba Karpov, aliyekuwa mwembamba tangu hapo, alipungua kilo 10. Ukitazama picha zake za Januari unaona mtu aliyekonda kweli. Kwa hiyo sitamkejeli mtu yeyote aliyewahurumia wachezaji wale. Huruma ilistahili.

Ila huruma hiyo tuipime kwa kalenda. Mechi ilivuka michezo 30, ikavuka 40, ikavuka mwaka mpya, na FIDE haikuifunga. Tarehe 30 Januari 1985 Kasparov alishinda mchezo wa 47 akiwa na kete nyeusi, ikawa 5 kwa 2. Baada ya hapo siku zikapita bila mchezo, na mechi ikahamishwa kutoka Ukumbi wa Nguzo kwenda Hoteli Sport. Tarehe 8 Februari mchezo wa 48 ukaanza, ukaahirishwa, ukaendelea siku ya pili, na Kasparov akashinda tena. Ikawa 5 kwa 3. Mchezo wa 49 ukangojwa, ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Badala ya mchezo wa 49 ukaja mkutano wa waandishi wa habari.

Angalieni basi. Michezo 46 ilipita na uchovu ukavumilika. Kijana akashinda miwili mfululizo, na ndani ya wiki moja uchovu ukawa hauvumiliki. Sisemi kwamba Campomanes alipanga hivyo. Nia ya mtu siijui, na yeye mwenyewe aliutetea uamuzi wake. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye dhamana anapochagua saa ya kutumia nguvu zake, saa hiyo nayo ni sehemu ya uamuzi wake, na atajibu juu yake kama anavyojibu juu ya maneno yake. Uamuzi uleule, ungetolewa mwezi Desemba wakati Karpov anaongoza 5 kwa 0 au 5 kwa 1, ungelalamikiwa na watu wengine kabisa.

Sasa mkutano wenyewe. Campomanes alieleza kwamba mechi imemaliza nguvu za wachezaji na za wote wanaohusika nayo, na kwamba anaifunga bila uamuzi. Kasparov alikuwamo ukumbini. Akazungumza mbele ya kila mtu, akasema yeye yuko tayari kuendelea. Karpov akafika, na watu wakashangaa kumwona, kwa sababu tetesi zilikuwa zimeenea kwamba bingwa hajiwezi. Naye akasema habari za kifo chake zimetiwa chumvi, na kwamba mechi inaweza kuendelea. Wachezaji wote wawili, mbele ya kamera na kalamu za dunia nzima, walisema wanaweza kucheza. Kisha wakaingia kwenye chumba cha faragha na Campomanes na wakubwa wengine, wakakaa humo zaidi ya saa moja. Walipotoka, rais alitangaza kwamba uamuzi uko palepale: bingwa ameukubali, na mpinzani atautii.

Hapo ndipo ninapopata uchungu. Hata sababu iliyotangazwa ilikuwa imeanguka pale pale. Kama unaifunga mechi kwa ajili ya afya ya watu wawili, na watu hao wanasimama kukuambia kwamba wanaweza na wanataka, umebaki na nini mkononi? Pengine na ripoti ya daktari, na ripoti hiyo uiweke mezani. Au na kifungu cha kanuni, na kifungu hicho ukisome kwa sauti. Kanuni za mechi ile zilijua njia moja tu ya kumpata mshindi mezani, nayo ni ushindi wa sita. Hazikusema kwamba ikifika michezo 48 rais atafuta matokeo. Mwamuzi mkuu, Svetozar Gligorić wa Yugoslavia, alikuwa mchezaji mkubwa wa zama zake na mtu mwenye heshima kila alikokwenda, lakini siku ile neno la mwisho halikuwa la mwamuzi. Lilikuwa la rais.

Wapo wanaouliza: je, refa wa soka hawezi kusimamisha mchezo kwa sababu ya mvua kubwa, ukarudiwa siku nyingine? Anaweza. Lakini mpira una dakika 90, na kanuni ya mvua huandikwa kabla timu hazijaingia uwanjani. Kila upande unajua mapema kitakachotokea. Mechi ya Moscow haikuwa na dakika 90, na kanuni ya kuifunga iliandikwa siku ileile iliyofungwa.

Tuwapime sasa wachezaji wenyewe, nani alipoteza na nani alifaidi. Watetezi wa Campomanes wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Karpov alihitaji ushindi mmoja. Kasparov alihitaji mitatu, na asishindwe hata mara moja. Ukimpa mtu wa namna hiyo sifuri kwa sifuri, kwenye karatasi umempa zawadi. Umemfutia deni la michezo miwili na kumpa miezi sita ya kupumzika na kujiandaa. Mbona basi ndiye aliyepiga kelele zaidi?

Jibu langu ni kwamba mechi ilikuwa imegeuka, na wote wawili walilijua hilo. Tangu ushindi wake wa Novemba, Karpov alikuwa amecheza michezo 21 bila kushinda hata mmoja. Katika hiyo 21 Kasparov alishinda mitatu, na miwili ya mwisho ilifuatana. Yaliyotokea Baguio yalikuwa yanajirudia, na safari hii mpinzani alikuwa na miaka 21, hakuwa mzee. Je, Kasparov angefika sita? Hakuna ajuaye, na hapo ndipo dhuluma ilipo. Pengine Karpov angelala siku tatu, akarudi, akashinda mchezo wa 49, na leo tungesema ni bingwa aliyestahimili mechi ngumu kuliko zote zilizowahi kuchezwa. Heshima hiyo alinyimwa. Tangu siku ile amebebeshwa jina la mtu aliyeokolewa na wakubwa, ilhali mwenyewe alisema hadharani kwamba mechi iendelee. Mashabiki wa Kasparov husahau kwamba Karpov naye aliachwa na jeraha, na pengine lake halijapona.

Na njia nyingine zilikuwepo. Wangeweza kupewa mapumziko ya wiki tatu, alama zikabaki kama zilivyo. Wangeweza kuulizwa, wote wawili, kama wanakubali kuweka kikomo cha michezo mingine minane au 12, halafu mwenye ushindi mwingi atwae taji. Njia zote hizo zingewapumzisha wachezaji bila kuigusa hesabu yao. Kilichochaguliwa ndicho pekee kilichotupa jasho la michezo 48.

Kuna jambo moja kuhusu Campomanes ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulisema, maana linatuhusu. Alikuwa rais wa kwanza wa FIDE kutoka nje ya Ulaya. Alichaguliwa mwaka 1982 katika mkutano wa Lucerne, akimshinda Friðrik Ólafsson wa Iceland, kwa nguvu za kura za Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. FIDE hupiga kura moja kwa kila nchi. Nchi yenye wachezaji mashuhuri 100 na nchi ambayo haina hata mmoja zina kura sawa. Campomanes alizitembelea nchi ambazo marais wa kabla yake hawakuzijali, akaahidi kuueneza mchezo huu duniani kote. Kwa hilo nampa sifa bila kusita. Mchezo uliokuwa mikononi mwa miji michache ya Ulaya ulihitaji mtu wa aina yake. Kwa sababu hiyohiyo uamuzi wa Moscow unaniuma zaidi. Mtu aliyepewa kiti na wanyonge alitumia kiti hicho kuamua mambo faraghani pamoja na wenye nguvu, na kuanzia hapo kila aliyetaka kudharau kura ya nchi ndogo alipata mfano wa kutoa.

Mwaka huohuo wa 1985 FIDE ilirudi kwenye michezo 24. Mechi mpya ilianza Septemba mjini Moscow, katika Ukumbi wa Tchaikovsky, na ilikuwa bora kuliko ya kwanza kwa kila hali. Ilipofika mchezo wa mwisho, Kasparov alikuwa na alama 12 na Karpov 11. Karpov alilazimika kushinda ili iwe 12 kwa 12 na abaki na taji, akashambulia kwa nguvu zake zote, na akashindwa. Tarehe 9 Novemba 1985, Kasparov akawa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia, akiwa na miaka 22.

Lakini ugomvi haukuisha. Chini ya utaratibu mpya Karpov alikuwa na haki ya mechi ya marudiano, ikachezwa mwaka 1986 London na Leningrad, Kasparov akashinda kwa alama moja. Mwaka 1987 wakakutana Seville, ikawa 12 kwa 12. Mwaka 1990 wakakutana New York na Lyon, Kasparov tena kwa alama moja. Ukijumlisha na ile iliyozimwa, wawili hao walicheza michezo 144 ya ubingwa wa dunia, na tofauti yao ilikuwa nyembamba kiasi kwamba hata leo watu wazima hubishana nani alikuwa zaidi.

Kasparov hakuiamini FIDE tena. Alitumia miaka mingi akijaribu kuwakusanya wachezaji wakubwa wawe na sauti yao, na mwaka 1993 akajitoa pamoja na Nigel Short wa Uingereza, wakacheza mechi ya ubingwa nje ya shirikisho. Taji likagawanyika mara mbili. Dunia ikawa na mabingwa wawili wa sataranji mpaka mwaka 2006, Vladimir Kramnik alipomshinda Veselin Topalov kule Elista na kuliunganisha. Mpasuko huo ulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwemo fedha na kiburi cha Kasparov mwenyewe, na sipendi kuyatwisha yote mabega ya siku moja. Hata hivyo, ukimsoma Kasparov anapoeleza kwa nini hakutaka kuongozwa na FIDE, utakuta anarudi Hoteli Sport kila mara.

Siku hizi mechi ya ubingwa ina michezo 14, na wachezaji wakifungana huamuliwa kwa michezo ya muda mfupi. Mwaka 2018 mjini London, wakati mechi ilikuwa bado ya michezo 12, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walikwenda sare yote 12, na bingwa akapatikana kwa michezo ya haraka. Watu walinung'unika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini hakuna aliyeibiwa. Carlsen na Caruana walijua tangu siku ya kwanza kitakachofuata baada ya sare ya 12, na hakuna rais aliyehitaji kupanda jukwaani kukibuni.

Kuna habari nyingine inayonigusa kila ninapoikumbuka. Mwaka 2007 Kasparov, akiwa mwanasiasa wa upinzani, alifungwa siku tano mjini Moscow. Karpov alikwenda gerezani kumtazama, akazuiwa mlangoni. Mwaka 2009 wakakutana Valencia, Hispania, kuadhimisha miaka 25 ya mechi yao ya kwanza, wakacheza michezo ya haraka na Kasparov akashinda 9 kwa 3. Mwaka 2010 Karpov aligombea urais wa FIDE dhidi ya Kirsan Ilyumzhinov, aliyekuwa amerithi kiti cha Campomanes mwaka 1995, na mpiga debe wake mkubwa alikuwa Kasparov. Walishindwa, kura 95 kwa 55. Miaka minne baadaye Kasparov akagombea mwenyewe, naye akashindwa, 110 kwa 61.

Kwa msikilizaji ambaye ana ubao nyumbani, michezo yote 48 ya mechi ile imechapishwa na inapatikana. Usianze na wa kwanza, utachoka mapema. Anza na wa 27, uone jinsi Karpov anavyombana mtu polepole hadi kete zake zikakosa pa kwenda. Kisha weka wa 31, ufike pale bingwa alipokubali sare, ujiulize wewe ungefanya nini. Halafu wa 32, na umalizie na wa 48, ule ulioahirishwa usiku wa tarehe 8 Februari na kumalizwa kesho yake, ambao ndio wa mwisho kuchezwa. Ukiwa na maoni yako tuandikie, hasa kama unaona nimemwonea Campomanes. Nitayasoma hapa hapa juma lijalo. Kwaherini.